Sindano ya Maji

Kama ningepewa kuirudia siku moja tu ya kazi yangu, ningeirudia asubuhi ile Bwana Faki aliponitia mkononi bomba la sindano lililojaa maji matupu, akaniambia nimchome dada yangu. Nilijua ni maji. Nilijua pia kwamba Rukia hakuwa na ugonjwa wa kutibiwa kwa sindano. Ningeweza kukataa, na Bwana Faki angenuna siku mbili akasahau, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Nikasema, "Haya," nikamchoma.

Nimestaafu uuguzi juzijuzi, na vijana niliowaacha zahanati wameniomba niandike kidogo kazi ilivyokuwa zamani. Nadhani walitaka kusikia habari za mabomba ya kioo na stovu za mafuta ya taa. Hizo zimo. Lakini zaidi nataka kuandika juu ya mgonjwa ambaye mnamwona kila mara, na ambaye mimi nilimkosea kwa miaka: yule anayeletwa mbio na jamaa zake, pumzi haimtoshi, moyo unamdunda, anasema anakufa, na ukimpima humkuti na kitu. Nyinyi mna jina lake, shambulio la hofu. Sisi hatukuwa na jina.

Nilianza kazi mwaka 1964, muda mfupi baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitaraji kuwa mwalimu. Baba alikuwa karani. Januari ile lori lilisimama karibu na nyumba yetu Mji Mkongwe, watu wakamwita kwa jina lake, akashuka ngazi huku anafunga vifungo vya shati. Rukia, aliyekuwa na miaka tisa, alimfuata mpaka mlangoni. Mimi sikuwapo. Baba hakurudi, na hatukupata mtu wa kumuuliza. Ikabidi nitafute kazi ya haraka, na kwa kuwa wauguzi na madaktari wengi walikuwa wameshaondoka, mahospitalini palikuwa na nafasi. Nilipelekwa kwenye zahanati moja ndogo upande wa Mlandege, ambayo siku hizi haipo, nijifunze kwa Bwana Faki.

Bwana Faki alikuwa msaidizi wa tabibu, mtu mfupi, mwenye kofia safi kila siku na viatu vibovu kila siku.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Nimemaliza sekondari."

"Vizuri. Basi hutashindwa kunoa." Akanipa jiwe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunoa sindano. Wakati ule sindano haikutupwa. Ilitumika, ikachemshwa kwenye sufuria, ikatumika tena, na ikawa butu. Ukishainoa unaipitisha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, ncha bado ina mkwaruzo, rudi kwenye jiwe. Nilinoa mpaka vidole vikapasuka. Kwa hayo na mengine, Bwana Faki alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha kuutafuta mshipa kwa kidole na si kwa jicho, kumtazama mtoto kifuani kabla hajaanza kulia, na kutomwamini mama anayesema mtoto anakula vizuri. Nayasema haya ili msije mkamdhania mtu mbaya.

Mwaka ule ndipo wale wagonjwa walipoanza kuja kwa wingi. Mwanamke akiwa sokoni, miguu inamlegea. Fundi cherehani anaacha nguo kwenye mashine, anatoka mbio barabarani kutafuta hewa. Vidole vinakufa ganzi, wengine mpaka mikono inakakamaa, midomo inachonyota, jasho la baridi linawatoka. Wengine walipelekwa kuandikiwa kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa wakanywa, wengine kuchezewa ngoma ya pepo, na waliobaki walikuja kwetu. Hakuna aliyesema ana hofu. Miaka ile mtu hakusema ana hofu, maana swali linalofuata ni hofu ya nini, na hilo hakuna aliyetaka kulijibu mbele za watu. Kwa hivyo walisema moyo, au pumzi, au tumbo. Na sisi tuliandika malaria.

Mmoja wao alikuwa Bwana Ratilal, aliyeuza vitambaa Mlandege. Kila alipotaka kufunga milango ya duka jioni, kifua kilimbana. Aliletwa kwetu akishikwa na mpwa wake huku na mkewe huku.

"Huyu hana ugonjwa," Bwana Faki aliniambia kando. "Nenda kachukue vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa. Na sindano, niletee ile ambayo hujainoa."

"Kwa nini ile, Bwana?"

"Ili aisikie."

Akamchoma pajani, taratibu, maji mengi. Maji matupu yanauma kuliko dawa nyingi, na sindano butu inaongeza. Bwana Ratilal alipiga ukelele. Bwana Faki akamwambia dawa hiyo ni kali, imetoka ng'ambo, na kwamba hali ikirudi atapewa ya pili. Haikupita muda mrefu mgonjwa akaketi, akafuta jasho, akashukuru. Mkewe akashukuru zaidi.

"Umeona?" Bwana Faki aliniuliza.

Niliona. Nilichokuwa sikijui ni kwamba shambulio la hofu hupanda, hufika kilele, halafu hushuka lenyewe, mara nyingi kabla maji ya chai hayajachemka. Ukimchoma litashuka, usipomchoma litashuka. Tungempa karanga za kukaanga tungepata sifa ileile. Lakini watu wetu waliamini kwamba dawa ni sindano, na kwamba vidonge ni njia ya kumwondoa mtu mlangoni, na dawa zenyewe zilikuwa haba. Maji yalikuwapo. Tukawa tunachoma.

Rukia alianza miezi kadhaa baada ya baba kuondoka. Tulikuwa tunakula mchana, likapita gari kubwa mtaani. Aliweka tonge, akainuka, akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. "Kaka, ntakufa," akasema. "Mama, nshikeni, ntakufa." Mama akammwagia maji, jirani akaja na ubani. Likapita. Likarudi siku ya pili, ngazini. Likarudi shuleni, na mwalimu akamleta nyumbani. Baadaye likawa linakuja hata pasipo gari, na hilo ndilo lililonichanganya. Nilifikiri, kama anaogopa lori, mbona anaugua akiwa chuoni, anasoma Kurani, na njia yote haina gari?

Mama alinitegemea. "Wewe unafanya kazi na madaktari," alisema. "Utakaa unamtazama tu?"

Nikampeleka kwa Bwana Faki. Alimpima vizuri, kwa haki yake: moyo, mapafu, macho kama ana upungufu wa damu, homa. Akatoa stethoskopu masikioni, akanitikisia kichwa. Barazani palikuwa pamejaa wagonjwa, na mama na shangazi walikuwa wamesimama mlangoni. Rukia akaanza kuhema palepale, labda kwa ule umati.

Bwana Faki akaniletea bomba. "Mchome wewe. Akichomwa na kaka yake ataamini ni dawa."

"Bwana, huyu ni mtoto."

"Ndiyo maana. Mkubwa anaweza kujitia mgonjwa kwa miaka. Mtoto unamkata mapema."

Nilimchoma kwenye kitako, shangazi kamshika miguu, mbele ya watu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Bwana Faki akainama akamwambia kwa upole kabisa, kama babu, "Mwanangu, hali hii ikikurudia, mwambie kaka. Atakuchoma nyingine."

Rukia aligeuka akanitazama. Nikasema, "Ndiyo. Niambie."

Haikurudi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na nikajivuna. Niliwahadithia wenzangu. Mtaani habari ikaenea kwamba nimemponya dada yangu kwa sindano moja, na wazazi wakawa wananiletea watoto wao na kuniambia, "Mchome kama ulivyomchoma Rukia." Niliwachoma. Sijui ni wangapi, na sioni faida ya kujipunguzia kwa kukisia.

Yale niliyopaswa kuyaona yalikuwa mbele ya macho yangu. Rukia aliacha kutumwa dukani. Ukimtuma anaumwa tumbo. Siku za shule tumbo linamsokota asubuhi, siku ya mapumziko yuko mzima. Alikaa chooni muda mrefu, ameacha mfereji unamwaga maji, asisikike akihema. Hakushuka ngazi peke yake. Alikuwa mtoto mwenye maneno mengi, akawa mkimya, na mama akaniambia, "Alhamdulillahi, mtoto ametulia." Baadaye akaacha shule kabisa. Tuliwaambia watu anamsaidia mama nyumbani, na kwa mtoto wa kike hakuna aliyeuliza zaidi.

Bwana Faki alihamishiwa shamba, kaskazini, na huko akafariki. Mwaka 1970 zahanati yetu ikaletewa daktari, Dakta Nargis, mzaliwa wa hapahapa mjini, aliyesoma Bara Hindi na ambaye, kinyume cha jamaa zake wengi, alirudi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na ulimi mkali.

Wiki ya kwanza alinikuta namchoma kijana mmoja wa kike, mwalimu.

"Bwana Suleiman, umempa nini yule?"

"Vitamini, Dakta."

"Vitamini gani?"

"Vitamini B."

"Vitamini B ni ya manjano. Hiyo uliyompa nyeupe, kama maji ya bomba."

Nikalitia bomba kwenye sufuria.

"Basi bora ungempa ya kunywa," akasema. "Kiu angalau ingemtoka."

Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nilidhani ananifukuza kazi. Akaniuliza nimejifunza wapi, nami nikaeleza, nikamtetea na Bwana Faki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mambo ambayo nayaandika kama nilivyoyaelewa, kwa kuwa ndiyo niliyoyatumia mpaka kustaafu.

Alisema mwili una namna yake ya kujitayarisha kukimbia au kupigana. Moyo unaongeza mwendo, pumzi inakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni. Kwa mtu anayekimbizwa na mbwa, hiyo ni rehema. Kwa mgonjwa wetu matayarisho yaleyale yanakuja na mbwa hayupo. Mtu anausikia moyo wake, anadhani unapasuka, anaogopa zaidi, moyo unaongeza. Kuhema sana ndiko kunakoleta ganzi na kukakamaa vidole. "Hajitii," alisema. "Anayokuambia yote anayasikia kweli. Umemwita mwongo kwa sindano."

Nikamuuliza kwa nini linakuja hata pasipo kitu cha kuogopwa. Akasema mtu akishapatwa mara moja, anaanza kuliogopa shambulio lenyewe. Anapaepuka alipopatwa, kisha panapofanana na hapo, mpaka anabaki chumbani. Na kwa mtoto ni vigumu zaidi, kwa sababu mtoto hana maneno. Atasema tumbo, atasema anataka kutapika, atamng'ang'ania mama, atakuwa na hasira, au atanyamaza. "Mtoto aliyenyamaza usimhesabu kuwa amepona," alisema. Nilikuwa nimesimama; nikaomba ruhusa nikakaa.

Tukabadili kazi. Kwanza tulipima kila kitu, maana si kila anayehema ana hofu: kuna pumu, kuna moyo kweli, kuna damu kupungua, kuna malaria. Tukishatosheka, tulimketisha mgonjwa penye utulivu, jamaa watoke isipokuwa mmoja. Humwambii "huna kitu", maana anacho. Unamwambia ni nini, kwamba kinatisha lakini hakiui, na kwamba kitapita naye mkiwa pamoja. Unamfundisha kutoa pumzi polepole, zaidi ya anavyoivuta. Wakati ule tulitumia pia mfuko wa karatasi, apumulie ndani. Siku hizi wamekataza, na wana haki, kwa sababu mwenye pumu au moyo unaweza kumdhuru. Nimeishi kiasi cha kuona dawa zangu mbili zikifutwa.

Namkumbuka Mzee Makame, mpakizi wa bandarini, mtu wa Makunduchi, kifua kama mlango. Alipatwa kwenye foleni ya mchele, watu wakamchukua kwa gari la ng'ombe.

"Mwanangu, nnakufa," aliniambia. "Nchome sindano."

"Sikuchomi, mzee. Toa pumzi nami."

"Watu wazima tunahemeana hapa kama mbuzi?"

"Hema tu, mzee. Hakuna anayetuona."

Alihema huku akinitukana kwa sauti ndogo, na matusi yalipoanza kupangika vizuri nikajua anapata nafuu. Alikuja tena mara kadhaa. Mara ya mwisho alikuja kunieleza tu kwamba limempata foleni na amesimama palepale mpaka likapita, na mchele kaupata.

Ilinichukua wiki nyingi kumwambia Rukia. Alikuwa na miaka kumi na sita. Nilimkuta jikoni anakuna nazi, nikakaa kwenye kigoda.

"Ile sindano niliyokuchoma utotoni," nikasema, "ilikuwa maji."

Hakuacha kukuna. "Najua."

"Nani kakuambia?"

"Ulimwambia mama, hapahapa jikoni. Mkacheka."

Sikumbuki kucheka, lakini simbishii. Nikamwambia yote aliyonieleza Dakta Nargis: kwamba hakuwa anajitia, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nataka anisamehe.

"Nshakusamehe zamani, kaka," akasema. "Wewe ulikuwa unafundishwa kazi."

"Bado yanakuja?"

Akageuza kifuu, akatazama kama kimebaki kitu. "Mara mojamoja."

Baadaye mama aliniambia ni karibu kila siku.

Dakta Nargis alinipa njia: tusimlazimishe kutoka, na tusimwache ndani. Hatua ndogo, na kila mahali akae mpaka hofu ishuke yenyewe, asikimbie ikiwa juu. Tukaanza na ngazi. Tukaenda mpaka mlango wa mtaani, ambako alikaa akitetemeka, mkono wake ndani ya mkono wangu, mpaka ukalegea. Kisha duka la kona. Kisha, baada ya miezi, Mlandege, kununua uzi wa kufumia. Njiani alikuwa ananikejeli. "Leo umeacha bomba nyumbani?" ataniuliza. Au gari likipita, uso umemtoka rangi, atasema, "Usinitazame mimi, tazama uendako, utakanyaga mtaro." Siku aliyokwenda Mlandege peke yake na kurudi, mama alipika pilau. Nilimwambia Dakta Nargis kwamba dada yangu amepona, na safari hii nilidhani nina ushahidi.

Mwaka 1972 Rukia aliumwa tumbo. Lilianza kitovuni, likahamia kulia chini. Alimwambia mama ni tumbo la mwezi. Jasho likamtoka, moyo ukaenda mbio, akatapika kwa siri. Niliingia chumbani kwake jioni nikitoka kazini, nikasimama mlangoni.

"Vipi, Rukia?"

"Salama tu, kaka. Nimechoka."

Nikaenda kula. Kesho yake niliuliza tena, akajibu vilevile, na kanga ameifunga tumboni kwa nguvu. Mimi, niliyekuwa nimeshika matumbo ya mji mzima, sikumgusa la kwake, kwa sababu alisema salama. Mama alipomkuta anaweweseka, tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka.

Tulimkimbiza hospitali kuu, Dakta Nargis akaja nasi, na kabla hajaingizwa kwenye upasuaji, fahamu zikiwa zimemrudia kidogo, Dakta alimuuliza kwa nini hakumwambia kaka yake. Nilikuwa nimesimama kichwani pake. Rukia alimjibu yeye, hakunijibu mimi. "Nilidhani ni ile hofu yangu," alisema. "Na ile humwambii kaka. Unaikaza mpaka ipite."

Walimfungua wakamsafisha, lakini sumu ilikuwa imeenea. Alifariki siku ya pili asubuhi, hajafikisha miaka kumi na minane. Tukamzika kabla ya Alasiri.

Hakuna aliyenilaumu. Mama aliishi nami mpaka mwisho wake na hakuligusa neno hilo. Lakini nyinyi mtakaoshika mabomba baada yangu nawaambia kama lilivyo: nilikubali kumchoma mtoto maji ili aache kusema anaumwa, akaacha kusema, na kwa hilo nikampoteza dada yangu.